Bei ya mahindi, maji ya shamba: maswali tunayoulizwa kila msimu Lubumbashi

Maswali haya yametoka kwa wakulima wa barabara ya Kasenga, wa Kashamata na wa kandokando ya mto Kafubu. Mengine yametoka kwa watu wa mjini wanaoenda shambani Jumamosi na kurudi Jumapili jioni na vumbi kwenye viatu. Wengi huanza kwa kuuliza mbegu gani inazaa sana. Baada ya robo saa mazungumzo yanakuwa yamehamia kwenye mambo mawili: mahindi nitayauza bei gani, na mvua ikikatika nitafanya nini. Hayo mawili ndiyo tunayajibu hapa.

Kusaidia bei ya mazao ni nini hasa?

Ni pale serikali inaposema kabla ya soko kufunguka: mahindi yana bei hii ya chini, na wachuuzi wakitoa pungufu, tutanunua sisi wenyewe. Uzito uko kwenye sehemu ya pili. Bei inayotangazwa redioni bila ghala, bila mizani na bila fedha ya kumlipa mkulima haimsaidii mtu. Njia nyingine ni kumpunguzia mkulima gharama kwa ruzuku ya mbolea na mbegu, au kutoza ushuru mahindi yanayoingia kutoka nje ili ya ndani yapate nafasi.

Usichanganye bei ya chini na bei ya juu. Serikali ikikataza unga usiuzwe kupita kiasi fulani, hapo inamlinda mlaji, na mara nyingi mzigo humrudia mkulima. Wazee wetu wanakumbuka enzi za Zaire, wakati bei za mazao zilipangwa ofisini, chini sana, mpaka zilipoachiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu walilima cha kula nyumbani, na kilichobaki wakakipitisha njia za panya.

Bei inaongezaje mavuno? Mahindi hayajui bei.

Hayajui, ila mwenye shamba anajua. Tufanye hesabu moja polepole, maana hii ndiyo roho ya jambo lote.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Tuseme kwenye udongo wako kila kilo ya naitrojeni inaongeza kilo 15 za mahindi. Udongo mzuri utatoa zaidi, udongo wetu mwekundu uliochoka na kujaa tindikali unaweza kutoa pungufu. Kwa hesabu hiyo mfuko mmoja unakuongezea kilo 345. Lakini hakuna mkulima anayetoa pesa mfukoni mwezi wa kumi na mbili ili imrudie ileile mwezi wa tano. Kuna mvua, kuna wezi, kuna mtoto kuugua. Anataka irudi mara mbili. Basi mfuko ule unafaa kununuliwa kama bei yake haizidi thamani ya kilo 170 hivi za mahindi.

Sasa fikiria mahindi yameshuka hadi nusu ya bei. Kilo 170 hazinunui tena mfuko, zinanunua nusu yake. Udongo ni uleule, mvua ni ileile, mbegu ni ileile, lakini mbolea imebaki depo. Hekta ambayo ingetoa tani tatu au nne inatoa moja. Mtu akipita barabarani ataona mahindi ya manjano, mafupi, na kusema mkulima huyu hajui kulima. Anajua sana. Amepiga hesabu.

Kwetu mkoa wa Haut-Katanga kuna bei ya chini iliyohakikishwa?

Kwa mkulima wa kawaida, hapana. Nchi ina sheria ya kilimo, nambari 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011, lakini hakuna chombo kinachokuja kila mwezi wa tano barabara ya Kasenga na mizani yake kununua mahindi kwa bei iliyotangazwa. Huduma ya Taifa, shirika la serikali lenye mashamba Kaniama-Kasese, hulima mahindi mengi na imewahi kuyaleta mjini wakati wa upungufu. Hilo ni jambo jema kwa anayenunua unga. Anayeuza mahindi bado anasimama peke yake mbele ya mchuuzi.

Kwa nini basi bei yetu inaonekana kupangwa Zambia?

Kwa sababu inapangwa huko, kwa sehemu kubwa. Unga mwingi tunaosongea bukari (ugali) hapa mjini umepita mpakani Kasumbalesa, ama ukiwa bado mahindi, ama umeshasagwa na kufungwa kwenye mfuko wa kilo 25.

Zambia wana wakala wa akiba ya chakula, FRA, iliyoanzishwa mwaka 1995. Kila mwaka hutangaza bei ya mfuko wa kilo 50: mwaka 2023 ilikuwa kwacha 280, mwaka 2024 kwacha 330, mwaka 2025 kwacha 340. Mkulima wa kule akishakuwa na mnunuzi wa bei hiyo, mchuuzi wa Lubumbashi anayetaka mahindi yake anaanzia hapo, kisha anaongeza usafiri, ushuru, na kila mkono unaonyooshwa njiani. Bei iliyosemwa Lusaka inakuwa sakafu ya bei ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ingawa sisi hatukuulizwa.

Halafu kuna ruzuku. Tangu mwaka 2002 wakulima wadogo wa Zambia wamekuwa wakipata mbolea na mbegu kwa bei iliyopunguzwa, mpango ambao leo unaitwa FISP. Kwa hiyo mkulima wa Kashamata anashindana na mahindi yaliyosaidiwa mara mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kuuza. Yeye ananunua mbolea yake kwa bei kamili, na mara nyingi mbolea hiyo imepita mpaka uleule.

Ubaya zaidi ni kuyumba. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mavuno yao yalishuka kutoka tani milioni 3.3 za mwaka 2023 hadi karibu milioni 1.5. Jirani aliyekosa chakula hakuuzii chakula, na unga ukawa habari ya kila nyumba Lubumbashi. Mama mmoja alinionyesha meka yake, kopo la kupimia unga, akaniambia, "Baba, zamani nilikuwa naijaza mara tatu asubuhi, sasa naijaza mara moja na ninawaambia watoto wangoje jioni." Bei ile ya juu iliwavuta watu shambani. Waliolima hekta moja wakalima mbili. Mwaka 2025 Zambia ikavuna zaidi ya tani milioni 3.6, na wetu walipofika sokoni na mifuko yao wakakuta soko limejaa. Mtu anapanda kwa bei ya jana na kuuza kwa bei ya kesho. Kati ya hizo mbili hakuna kilichomshikilia.

Si afadhali tufunge mpaka?

Hapana. Watu wa mitaa ya mjini kama Katuba na Ruashi watalala njaa kabla mkulima wetu hajapata faida. Mji huu ulikua kwa kula mahindi ya mbali tangu enzi za Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni. Mpaka unaofungwa na kufunguliwa ghafla humdhuru hata mkulima, kwa sababu hawezi kupanga. Ushuru mdogo unaojulikana mapema, unaotozwa miezi ya mavuno yetu peke yake na kuondolewa miezi ya njaa, ungekuwa na akili zaidi.

Kuna nchi ambako bei ya kuhakikishwa ilifanya kazi kweli?

India ndiyo mfano mkubwa, na ni mfano wa bei na maji kwa pamoja. Tangu katikati ya miaka ya 1960 serikali yao hutangaza bei ya chini ya ngano na mpunga, na katika majimbo ya Punjab na Haryana serikali inanunua kweli, kwa wingi. Wakati huohuo wakulima walipata mbegu mpya fupi zinazostahimili mbolea nyingi, mifereji, na visima vya pampu. Mkulima wa Punjab alijua atauza na alijua atamwagilia, kwa hiyo akathubutu kuweka mbolea. Nchi iliyokuwa ikipokea ngano ya msaada kutoka Marekani ikajaza maghala yake.

Jambo moja tungelinakili kesho asubuhi: bei yao kwa kawaida hutangazwa karibu na wakati wa kupanda. FRA ya Zambia imezoea kutangaza mahindi yakiwa tayari yamekauka shambani. Bei inayotoka mwezi wa sita inampa mtu pesa, lakini haiwezi kumshawishi anunue mbolea ya mwezi wa kumi na mbili uliopita.

Punjab ililipa gharama yake pia. Mpunga ulikuwa na soko la hakika na umeme wa pampu ulikuwa bure, basi watu wakapanda mpunga kwenye nchi kavu na maji ya ardhini yakawa yanashuka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2009 jimbo lilipitisha sheria ya kukataza kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni, ili watu wangoje mvua zikaribie.

Na nchi ambako ilishindikana?

Thailand. Mwaka 2011 serikali ya Yingluck Shinawatra iliahidi kununua mpunga kwa baht 15,000 kwa tani, karibu nusu zaidi ya bei ya soko, ikitumaini kwamba kwa kuuweka ghalani bei ya dunia itapanda. India na Vietnam wakauza wa kwao. Maghala ya Thailand yakajaa, nchi ikapoteza nafasi yake ya kwanza ya kuuza mchele nje, na mwishoni wakulima wenyewe walikuwa wakidai pesa zao. Mpango ulikufa mwaka 2014.

Zambia nayo ilionja mwaka 2011, pale FRA iliponunua zaidi ya tani milioni 1.5 bila kuwa na maghala ya kutosha. Mahindi mengine yalinyeshewa na kuoza chini ya turubai. Bei ya chini inapaswa kumzuia mkulima asianguke. Ikigeuka ngazi ya kumpandisha juu ya soko, hazina haiwezi kuishikilia muda mrefu.

Tuje kwenye maji. Umwagiliaji unaongeza mavuno kiasi gani?

Kwa dunia nzima, kiasi cha moja ya tano ya mashamba ndiyo yanayomwagiliwa, nayo hutoa karibu asilimia 40 ya chakula. Hapa kwetu jibu linategemea unazungumzia miezi gani.

Lubumbashi hupata milimita 1,200 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Mahindi yanataka milimita 500 hadi 800 kwa msimu. Kwa hesabu ya jumla mvua inatosha na kubaki. Tatizo ni jinsi inavyokuja. Mahindi yana wiki mbili tatu za hatari, yanapotoa mbelewele na nywele za gunzi. Mvua ikikatika siku kumi na nne wakati huo, nusu ya mavuno inaweza kuondoka, hata kama Machi itanyesha mpaka barabara zikatike. Nimewahi kuingia shamba la namna hiyo mwezi wa nne. Mabua yalikuwa marefu, ya kijani, mazuri kutazama. Nilipomenya gunzi nilikuta punje kumi na mbili upande mmoja na upande wa pili utupu. Mwenye shamba alihesabu pamoja nami, hakusema neno.

Kwa hiyo kwa mahindi ya masika huhitaji mfereji wa kumwagilia kila siku. Unahitaji maji ya kuokoa: mara mbili au tatu kwa msimu mzima, siku zile za hatari. Bwawa dogo la udongo linalokusanya mvua ya Januari linaweza kuokoa Februari. Kwa mboga za kiangazi ni habari nyingine kabisa. Huko bila maji hakuna kitu.

Kwa arozwari, kopo la kumwagilia, naweza kumwagilia eneo gani?

Dogo kuliko unavyofikiri. Mmea wa kiangazi hapa hunywa kiasi cha milimita 5 kwa siku, zaidi mwezi wa tisa na wa kumi joto linapopanda. Milimita 5 kwenye kipande cha mita 10 kwa 10 ni lita 500. Arozwari ya lita 10 itaenda na kurudi mara 50. Kila siku.

Ukipita kando ya Kafubu saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba wakati baridi inauma vidole, utaona akina mama wameshikilia arozwari mbili, moja kila mkono, miguu ndani ya maji. Kilo ishirini kupanda, mikono mitupu kushuka. Mama niliyemhesabia siku moja alipanda mara 38 kabla ya saa mbili, na bado lengalenga (mchicha) za mwisho zilikuwa hazijaguswa. Ndiyo sababu hawezi kulima zaidi ya vitalu vyake vichache, hata chefu wa kijiji akimpa ardhi bure. Kipimo cha shamba lake ni mabega yake.

Hekta nzima inataka lita 50,000 kwa siku. Hapo arozwari imekwisha kazi.

Ninunue motopompe ya petroli, ya kukanyaga, au ya jua?

Kwanza pima umbali kutoka uso wa maji hadi pampu itakapokaa. Pampu inayovuta kutoka juu inategemea uzito wa hewa kusukuma maji, na sisi tuko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo. Muuzaji atakuambia inavuta mita saba au nane. Hapa panga mita sita. Tumeona watu wakirudisha pampu dukani wakisema ni mbovu, kumbe kisima kilikuwa na mita tisa mwezi wa kumi. Kisima pimia mwezi wa kumi, kikiwa chini kabisa, usipimie mwezi wa tatu.

Ya kukanyaga inafaa kwenye dembo, bonde la majimaji, maji yakiwa karibu, na kipande kisichozidi robo hekta. Ya petroli ni rahisi kununua na ghali kuendesha. Kila lita ya petroli iingize kwenye bei ya nyanya kabla hujapanda nyanya. Ya jua ni ghali siku ya kwanza, na baada ya hapo gharama kubwa ni mlinzi, kwa sababu paneli huibwa. Vyovyote utakavyochagua, funika udongo kwa nyasi kavu. Maji ambayo hayakukauka bure ni maji ambayo hukuyapandisha.

Kongo ina maji kuliko nchi zote jirani. Kwa nini mashamba yanayomwagiliwa ni machache hivi?

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hukadiria kwamba nchi hii ingeweza kumwagilia hekta milioni 7. Zilizo na miundombinu hazifiki hata asilimia moja ya hizo, na nyingi ni za mpunga na miwa, kama zile za bonde la Ruzizi upande wa Uvira. Maji kuwepo mtoni hayamaanishi yako shambani. Kati yake kuna mfereji, mtu wa kuusafisha, na pesa ya kumlipa mtu huyo. Pesa hiyo inatoka kwenye bei ya zao. Zao lisipolipa, mfereji unajaa matope ndani ya misimu michache, hata kama wafadhili waliujenga kwa saruji na kukata utepe.

Basi kipi kitangulie, bei au maji?

Hili ndilo swali tunalolipenda, na jibu letu ni kwamba kimoja bila kingine kinaweza kumwumiza mkulima.

Chukua maji bila bei. Miaka iliyopita kikundi chetu kilipata pampu mbili. Tukapanda nyanya watu kumi na wanne, wote mwezi uleule, kwa sababu maji yalikuja siku ileile. Mnunuzi mmoja wa mjini alikuwa ameahidi kuchukua zote na kutaja bei. Nyanya zilipoiva simu yake haikupokelewa tena. Siku ya tatu tulipeleka makreti sokoni kwa pikipiki, tukakuta barabara nyingine nazo zimeleta zao. Tuliuza kreti kwa bei ambayo haikurudisha hata petroli. Zilizobaki zilipasuka juani, zikavuja maji mekundu kwenye turubai, na inzi. Mazao yalikuwa yameongezeka mara tatu. Mfuko ulikuwa mtupu. Msimu uliofuata pampu moja iliuzwa.

Sasa chukua bei bila maji. Bei ya mahindi ikipanda na mkulima hana uhakika wa mvua, hataki kutia mbolea nyingi kwenye hekta moja, kwa sababu mvua ikikatika atapoteza mahindi na mbolea pamoja. Atafanya lililo salama zaidi kwake: atafyeka hekta ya pili, achome, apande bila kitu. Tani zinaongezeka, lakini mavuno ya kila hekta yanabaki palepale au yanashuka.

Bei ndiyo inayomfanya mtu atoe pesa mfukoni, na maji ndiyo yanayofanya pesa hiyo irudi. Vikikutana, mbolea inaingia ardhini na hekta ileile inazaa zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia kwa fedha kidogo, ningeanza na maji ya kuokoa kwa wale ambao tayari wana mnunuzi, hata mnunuzi mdogo. Nisingepeleka pampu mahali ambapo barabara inakatika miezi mitano.

Kwa hiyo bei nzuri inaweza kumaliza msitu?

Inaweza, na imeshaanza kando ya barabara zote zinazotoka mjini. Miombo inakatwa kwa makala (makaa ya kupikia) kwanza, mahindi yanafuata, na baada ya misimu mitatu minne udongo umechoka, mtu anasogea mbele. Nani atamlaumu? Kununua chokaa na mbolea ya kufufua hekta ya zamani ni ghali kuliko kufyeka mpya. Chokaa tunayo, mawe ya Kakontwe pale Likasi yanajulikana tangu zamani. Ruzuku ya usafiri wa chokaa peke yake ingeokoa miti mingi, na ingefanya kila mfuko wa mbolea uzae zaidi, maana kwenye udongo wa tindikali sehemu kubwa ya fosforasi hufungwa mmea usiione.

Kumwagilia mahindi kiangazi kunalipa?

Kwa mahindi ya unga, kwa kawaida hapana, maana utashindana na mahindi yaliyonyweshwa na mvua bure. Kwa mahindi mabichi ya kuchoma na kuchemsha, ndiyo, ukilenga wakati ambapo hakuna mwingine mwenye nayo. Usipande mwezi wa sita, baridi itayadumaza. Subiri mwezi wa nane.

Maji ya Kafubu ni salama kumwagilia mboga?

Sehemu nyingine ndiyo, sehemu nyingine hapana, na macho hayawezi kukuambia. Mji huu umeyeyusha shaba zaidi ya miaka mia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta shaba, kobalti, kadmiamu na risasi kwenye udongo na mboga za vitongoji vilivyo karibu na viwanda, na mwaka 2009 wao na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa wakazi wa karibu na migodi yaliyoonyesha kobalti nyingi mno. Hili linatuumiza kulisema, kwa sababu tunawajua akina mama wanaoishi kwa mboga hizo.

Kama shamba lako liko chini ya kiwanda au karibu na lundo la takataka za mgodi, peleka sampuli ya udongo na maji kwa wataalamu wa kilimo wa chuo hicho pale Kasapa kabla hujawekeza kwenye pampu. Mboga za majani hubeba metali zaidi kuliko mahindi, ambayo punje yake hupokea kidogo. Samadi nyingi na chokaa hupunguza kiasi ambacho mmea unanyonya. Kuosha majani kwa maji safi huondoa vumbi, ila kilichoingia kupitia mizizi hakitoki.

Kampuni za madini haziwezi kusaidia?

Zilishatakiwa kufanya hivyo. Wakati wa ugavana wa Moïse Katumbi hapa Katanga (2007–2015) kila kampuni iliagizwa kulima hekta 500. Kampuni inayojua kuchimba shaba haikuwa lazima ijue kulima, na jirani wa mgodi hakupata mfereji kwa sababu mgodi una trekta. Leo kuna njia nyingine: Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kijiji chako kikiwa kwenye eneo hilo, mjumbe wenu aende kwenye kikao na ombi lililoandikwa: bwawa, ghala, mizani. Wengi huomba shule na zahanati, na ni haki yao. Ghala hulisahau mpaka mwezi wa tano.

Serikali haijatuwekea bei. Naweza kujiwekea mwenyewe?

Kidogo, ndiyo, kwa kungoja. Bei ya mahindi huwa chini kabisa mwezi wa tano na wa sita, kila mtu anapouza kwa ajili ya madeni, kisha hupanda taratibu hadi Januari na Februari. Anayeweza kuhifadhi mifuko kumi hadi mwezi wa kumi na mbili amejipatia msaada wa bei bila kumngoja waziri. Usihifadhi yote, maana Zambia ikivuna sana bei haitapanda ulivyotarajia. Sisi tunashauri kuuza theluthi moja mapema, kulipa deni, na kuweka iliyobaki.

Kinachowalazimisha watu kuuza mapema ni ada na ugonjwa, basi kikundi kiwe na mfuko wa kukopeshana, mahindi ya ghalani yakiwa dhamana. Tanzania wanaita stakabadhi ghalani, na korosho za Mtwara zimeuzwa kwa njia hiyo tangu 2007. Ninyi mnaweza kuanza na chumba kimoja, kufuli mbili, na funguo kwa watu wawili wasio wa familia moja.

Na mahindi yawe makavu kweli kabla ya kuingia humo. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, jaza mahindi hadi robo, funga na utikise dakika moja, kisha uiache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, yarudishe juani. Ikianguka yote chini, yatie kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, funga kila tabaka peke yake, na uandike tarehe kwa makala juu ya mfuko.